Mchuma Maua wa Simba

Jumatatu, 10 Machi

Nepi nimefua, nimeanika, mvua imenyeshea, nimeanua, nimekamua tena. Shalom anaota jino la nyuma. Anauma titi kama anatafuna muwa. Na katikati ya hayo yote nimechuma maua. Maua ya simu.

Nayaandika hapa kwa sababu nikimwambia mtu atanicheka. Mama mzima nimekalia karai nyuma ya nyumba, nagonga kioo nikingoja ua lifunguke.

Baba Shalom ndiye aliniwekea hii gemu. Yeye yumo tangu zamani. Huko anaitwa Simba Mzito, ana upanga mrefu kuliko yeye na nywele nyeupe mpaka kiunoni. Hapa Lurambi anaitwa Kevo, anatengeneza simu za watu mjini, na kucha zake za miguu hazikatwi mpaka nipige kelele.

Mimi huko naitwa Kaboi. Jina alichagua yeye. Nikamuuliza mbona jina la mwanaume. Akasema wanawake husumbuliwa sana mtandaoni. Nikaona ananijali.

Kazi yangu ni moja tu. Kuna ua linaitwa mbalamwezi. Humea kwenye kinamasi na huchumwa usiku, yaani usiku wa gemu, ambao unakuja hata saa nne asubuhi. Chama chao, yaani kundi analocheza nalo, kinataka vikapu na vikapu vya hilo ua. Anasema ni vya kujengea ukuta wa ngome. Nikauliza, ukuta gani wa maua? Akasema gemu haina akili za duniani.

Tumepatana hivi. Nikimalizia chama hiyo kazi, yeye atapata nafasi, na Jumamosi ya tarehe tano Aprili atakuja na wazee wake Matungu kwa baba yangu. Nimekaa naye tangu kabla ya Shalom. Hakuna mtu wa kwao amewahi kukanyaga boma letu. Mahari haijatajwa hata kwa mzaha. Watu wakiuliza, baba husema niko Kakamega kwa kazi. Hiyo kazi ni Shalom.

Naitaka hiyo siku. Sitaki kingine.

Jumatano, 12 Machi

Nachukia hili ua.

Unalikaribia, linajikunja. Unatakiwa kuligonga kwa vidole gumba viwili, cha kushoto, cha kulia, polepole, na petali zinafunguka moja moja. Ukiharakisha linafumba. Ukisita linafumba. Likifumba linatoa sauti. Sauti ya mtu anameza makamasi. Nimeisikia leo mpaka chai ikanishinda.

Mimi nachuma kama nachuma kunde. Ndivyo vidole vyangu vinajua. Kunde hazingojwi, unavunja ncha, unatupa kwa kikapu, unasonga. Hapa ukienda hivyo unaambulia matope.

Kaboi amerudi na ua moja. Simba Mzito amecheka mpaka akakohoa. Mate yamefika kwa ugali wangu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo Shalom amekula mavi ya kuku.

Nilikuwa na petali nne wazi. Nikasema, ngoja hii moja tu. Nikasikia kimya. Mama yeyote anajua kimya cha mtoto si kizuri. Nilipoinua macho alikuwa amekaa chini kwa kuku wa Mama Brayo wa jirani, mdomo kijani, anatafuna kwa raha zake.

Nilimkung'uta, nikamwosha ulimi kwa kidole, akaniuma. Mama Brayo alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Usijali, Mama Shalom. Hiyo ni chanjo ya kienyeji."

Sikucheka. Nilijichukia, halafu nikamchukia mwenye gemu, halafu mwenye kuku.

Ua lilifumba.

Jumapili, 16 Machi

Nimelijua!

Tumetoka kanisani, Baba Shalom akaenda kwa kibanda chake ati kuna simu ya mteja. Mvua ilikuwa imepita jana. Nyuma ya ploti kuna kichuguu, na watoto wa Mama Brayo walikuwa wamekifunika kwa majani ya mgomba, wanagonga vijiti juu ya ubao. Ko-ko, ko-ko, ko-ko. Nilikaa nikiwaangalia huku Shalom ananyonya.

Kumbikumbi hatolewi kwa nguvu. Unamdanganya kwamba mvua imekuja. Unagonga kama matone, bila pupa, bila kunyamaza, naye huko chini anasema aa, wakati wangu umefika, anatoka na mabawa yake yote. Nyumbani Matungu nilikuwa nikigonga vizuri kushinda kaka zangu. Kukhu, nyanya yangu, alikuwa akisema mkono wangu una mvua.

Nikatoa simu hapo hapo. Nikagonga mbalamwezi kwa mdundo wa watoto. Ko-ko. Ko-ko. Petali ya kwanza, ya pili, zote. Lilifunguka kama mtoto anapiga miayo. Nikavuta. Likaja na mizizi.

Jioni kikapu kilikuwa kimejaa. Nilimwonyesha. Hakusema asante, alisema, "Eh." Lakini alinipa paja la kuku. Mama Brayo naye alituletea kumbikumbi wa kukaanga kwa sahani, nikala wote peke yangu.

Jumanne, 18 Machi

Vikapu vinajaa. Nachuma nikinyonyesha, nachuma dengu zikichemka, nachuma nikingoja mteja ninayemsuka hapa nyumbani akauke nywele. Kila daraja ninalopanda, ua linakuwa jeuri zaidi. Sasa linabadilisha mdundo katikati. Unagonga mvua ya rasharasha, ghafla linataka mvua ya mawe, halafu linarudi rasharasha. Ukikosa, makamasi.

Baba Shalom amenibadilishia kioo cha simu. Kile changu kilikuwa na ufa tangu mimba. Nilimwomba sana wakati ule, akasema vioo vimepanda bei. Sasa amekuja nacho mwenyewe, amekiweka hapa mezani kwa koleo zake ndogo, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilimtazama kichwa chake kikiinama. Nilimpenda. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Dengu ziliungua. Nilikula za chini mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Mama amepiga simu. Jogoo amefungiwa. Baba amechonga mlango mpya wa choo, ule wa zamani wageni wangeonekana magoti. Senge, dada yake baba, ameshaanza kuuliza watakuja wangapi na kama wanakula sana. Senge hana haya. Aliniuliza kama huyo kijana ana meno yote.

Nilicheka na mama mpaka Shalom naye akacheka bila kujua.

Baadaye nimejishika nikifurahia maua. Si Matungu tu, maua yenyewe. Ule wakati petali ya mwisho inataka kufunguka na kidole kinajua chenyewe. Hakuna kitu kingine kwa hii nyumba ninachomaliza. Sahani haziishi. Nepi haziishi. Ua likifunguka limefunguka. Nimeona aibu kidogo, kuringia maua ambayo hayana hata harufu.

Sifunguangi gumzo la chama. Maandishi yao yanafunika ua, na ni mambo ya panga na mazimwi. Nimelizima.

Jumatano, 26 Machi

Sijalala. Jino. Baba Shalom amelala vizuri, mdomo wazi, mate kwa mto wangu. Alihamia mto wangu saa ngapi?

Asubuhi aliniuliza jambo la kwanza: "Vikapu vimefika wapi?"

Si mtoto amelala aje. Vikapu.

Jumamosi, 29 Machi

Ameahirisha.

Amesema hivyo amesimama mlangoni, mguu mmoja nje tayari. Ati Jumamosi ijayo kuna simu nyingi za kutengeneza, ati mjomba wake wa Bukura anaumwa mgongo, ati baada ya Pasaka ni vizuri zaidi, barabara itakuwa imekauka. Barabara ya Matungu baada ya Pasaka ikauke? Na mvua ndiyo inaanza?

Nikamwambia jogoo amefungiwa. Akasema jogoo atanenepa.

Ameniambia niwapigie. Nimeshika simu, nimeweka chini. Nitamwambia baba nini? Mlango wa choo ameupaka na rangi.

Nimechuma mpaka vidole vikafa ganzi. Sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono.

Jumanne, 1 Aprili

Leo ni siku ya wajinga. Mwanzo nilidhani ni utani wake.

Saa tano hivi, Shalom amelala. Nimechuma mbalamwezi la daraja la mwisho. Lile gumu, linalobadilisha mdundo mara tatu. Kioo kikawaka dhahabu, tarumbeta zikalia. Gemu ikatangazia watu wote kwamba Kaboi ni Bingwa wa Kuchuma. Nilisimama peke yangu jikoni nikajipigia makofi.

Kisha jumbe zikaanza kuingia. Watu wa chama. Nikasema leo wacha nisome, wananisifu.

"Hongera Kaboi! Simba ana bahati ya mfanyakazi."

"Simba, huyo boi wako wa nyumbani umemtoa wapi? Sisi wetu wanaiba sukari."

"Sasa harusi imeiva!!"

Harusi. Nikafungua gumzo. Nikapanda juu kusoma ya nyuma, ya wiki nzima, ya mwezi. Yote yako hapo, hakuna aliyeficha. Simba Mzito anamwoa mtu anaitwa Nyota wa Kitale. Jumamosi, tarehe tano, saa nane mchana. Na kwa hii gemu mwanaume akitaka kuoa lazima apeleke vikapu vya mbalamwezi mbele ya watu. Ndiyo mahari ya huko. Na amewaambia hana wakati wa kuchuma, ana kijana wake wa kazi, mpole, hasumbui.

Hakuna ukuta. Hakuna ngome.

Nyota mwenyewe ameniandikia. Kwa heshima kabisa. "Shemeji Kaboi, asante kwa jasho lako. Siku ya harusi utakula mpaka ushindwe."

Shemeji.

Nilienda nyuma ya nyumba nikatapika. Mama Brayo akauliza kama ni mimba nyingine. Nikasema hapana, ni chai.

Jumatano, 2 Aprili

Nimefikiria sana kuhusu kumbikumbi.

Baba Shalom alikaa juu akagonga. Matungu, ko-ko. Tarehe tano, ko-ko. Kioo kipya, paja la kuku. Nami huko chini nikasema aa, wakati wangu umefika.

Amenipigia vijiti na nimetoka na mabawa yote.

Sijamwambia kitu. Kila nikifungua mdomo naona nitapiga kelele na Shalom ataamka. Nampakulia. Nakaa mbali. Anavyonyonya mfupa siwezi hata kuangalia. Kidole gumba chake kina ngozi ngumu hapo pembeni kwa sababu ya kugonga. Changu pia sasa. Nimekisugua na jiwe la miguu.

Ijumaa, 4 Aprili

Amenyoa.

Amenyoa kwa kinyozi, na wembe, na ule mstari wa mbele. Amenunua shati. Nikamuuliza kuna nini kesho. Akasema, "Mtu hawezi kupendeza tu?" Kumbe baada ya harusi chama kitapigiana simu ya video, waonane nyuso. Nimesoma kwa gumzo.

Kichwa kilikuwa kinang'aa kama sufuria. Harufu ya spiriti na poda. Alinipa shati nipige pasi.

Nimepiga pasi. Kola, mikono, mgongo. Wakati wote nilikuwa najiuliza huyu mwanamke anayepiga pasi ni nani.

Kisha akasema nimpe vikapu kesho saa nane kasorobo, niende naye pale ukumbini kwa gemu, kwa sababu vikapu vya mchumaji bingwa lazima avikabidhi mwenyewe.

Nikasema sawa, Baba Shalom.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimefika Matungu kabla ya saa nne. Nilimfunga Shalom mgongoni mara tu baba yake alipotoka. Sikuacha neno.

Sikuwa nimewapigia. Baba alikuwa amevaa koti la kanisani. Viti vimepangwa, vya kwetu na vya kuazima. Wajomba zangu wawili wameketi na fimbo zao. Niliingia jikoni moja kwa moja. Mama alikuwa ananyonyoa jogoo. Nikamwambia hawaji.

Hakuinua kichwa. Akasema, "Kuku ameshachinjwa. Hawezi kurudishiwa kichwa. Leta maji ya moto."

Nikaleta. Tukanyonyoa pamoja. Hakuuliza kitu. Shalom alicheza na manyoya.

Senge ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa barabara. "Hawa wageni wetu wamepotelea wapi, kwa miwa? Au wanatoka Kakamega kwa magoti?" Mjomba mmoja akacheka, baba akamtazama, akaacha.

Saa nane kasorobo, simu. Yeye. Sikushika. Akaandika. Maua yako wapi. Watu wanangoja. Mama Shalom usinifanyie hivi. Mama Shalom tafadhali. Hajawahi kuniandikia tafadhali.

Nilisimama nyuma ya jikoni, pale miwa inaanzia. Nikaingia kwenye gemu.

Kusema kweli ukumbi ulikuwa mzuri. Mataa, zulia, watu wa chama wamepanga mistari miwili na panga zao juu. Simba Mzito mbele na nywele zake nyeupe. Nyota kando yake, nguo ya buluu inayotoa vumbi la nyota. Na Kaboi huyo anaingia na kofia ya majani na vikapu mgongoni. Walipiga kelele za shangwe. Kaboi! Kaboi! Mwingine akaandika, "Mpeni boi soda!"

Nilikuwa nimejipanga kusema mengi. Niliandika hivi tu:

"Mimi si boi. Mimi ni Mama Shalom, na Shalom ni mtoto wa Simba. Saa hii niko kwa baba yangu, viti vimepangwa, tunamngoja alete wazee leo. Maua nilichuma nikidhani ni ya hiyo safari."

Nyota akaandika: "Simba?"

Simba Mzito alisimama tu. Hiyo gemu mtu akiwa hafanyi kitu huwa anajikuna kichwa mwenyewe. Alijikuna. Akajikuna tena.

Kisha wakaanza. "Wueh!" "Bwana harusi amenyolewa bila maji." "Mahari ya mke mdogo imechumwa na mke mkubwa, hii ni historia." "Simba Mzito? Huyu ni Simba Mwepesi."

Nilimwaga vikapu. Chini, hapo hapo kwa zulia. Kitu kikianguka chini kwa ile gemu ni cha yeyote. Na wale watu, wale waliokuwa wamesimama na panga juu, waliinama wote. Wote. Waligombania maua kama kuku wamemwagiwa mahindi, wakikanyagana, hata mwenye kuongoza sherehe. Hicho ndicho kilinichukiza kushinda yote. Nilitazama mpaka zulia likabaki tupu. Nyota peke yake hakuinama.

Nikazima simu. Nikaenda kupakua.

Baba alikula na wajomba. Aliyetengewa sehemu ya mgeni, ule mguu na firigisi, hakuwepo. Sahani ilikaa mezani imefunikwa mpaka jioni, senge akaila.

Jumapili, 6 Aprili

Sikuenda kanisani.

Nyota ameandika asubuhi. "Dada, pole. Sikujua. Aliniambia hajaoa."

Nimeisoma nikaisoma tena. Nilitaka kumjibu kwamba alidanganywa. Halafu nikafikiria vizuri. Nilikuwa nimekaa nyumbani kwa baba yangu, kwa kitanda changu cha usichana, viti vya kuazima vinarudishwa.

Nimemjibu: "Hakukudanganya."

Kisha nimemfuta Kaboi. Gemu ikauliza kama nina hakika. Ikauliza tena. Nilimwonea huruma kidogo na kofia yake.

Jumatano, 9 Aprili

Amekuja. Peke yake, na mkate na sukari kwa mfuko.

Mama alipomwona langoni alikimbilia jikoni akajifungia. Mwanamke haonani na mkwe hivi hivi, hajajulishwa. Na jikoni kulikuwa na moshi. Alikohoa huko muda wote wa mazungumzo, maskini, na yeye Baba Shalom akawa anajifanya hasikii.

Baba alimwekea kiti nje, kando ya ghala. Akamwuliza jina la baba yake, kama vile hajui. Akamwuliza, "Umetumwa na nani?"

"Nimekuja mwenyewe, mzee."

"Kwa mambo haya mtu hajitumi."

"Mzee, nilitaka tu kuomba msamaha."

"Nani amekutuma kuomba?"

Baba akamwambia anywe chai iliyokuwa pale, maana mtu hatoki kwa boma na kiu. Kisha akarudi kufunga jembe mpini. Hakumfokea. Afadhali angemfokea.

Nilimsindikiza mpaka langoni, si zaidi. Alikuwa amembeba Shalom. Shalom alikuwa anampigapiga kile kipara na kucheka. Moyo wangu uliuma, sitasema uongo.

"Mama Shalom, ilikuwa gemu tu. Kwani ulidhani ni nini?"

"Kama ni gemu tu, mbona ulinyoa?"

Alitazama miwa. Kisha akasema chama kimemfukuza. Alisema na machozi, kabisa, machozi kwa macho. Tangu nimjue sijamwona akilia. Hakulia Shalom alipozaliwa akiwa bluu. Na leo analilia chama.

Nilimchukua mtoto kutoka mikononi mwake. Nilikuwa karibu kumwambia twende. Yale machozi ndiyo yalinirudisha.

Nikamwambia akafanye alivyoambiwa na baba, atume wazee, au asifanye. Nikafunga lango.

Ijumaa, 11 Aprili

Palizi. Mgongo. Jino limetoka, lilitoka usiku bila kelele, nimelihisi asubuhi kwa kidole.

Hajapiga simu.

Jumatatu, 14 Aprili

Mjomba wake wa Bukura amempigia baba. Walizungumza muda mrefu, baba amesimama kwa shamba mkono mmoja sikioni. Watakuja baada ya Pasaka. Wazee, si yeye peke yake. Baba hakuniambia, alimwambia mama, na mama akaniambia tukimenya viazi vitamu.

Hakuwa na furaha wala hasira. Alisema mambo yatakavyokwenda. Wageni watakaa upande ule, watu wetu upande huu. Mimi nitakuwa ndani na wasichana. Mazungumzo yakifika mahali, nitaitwa nje mbele ya wote, na mjomba ataniuliza kama ninawajua hawa watu na kama wapokelewe. Nikisema ndiyo, wataendelea. Nikisema siwajui, watakunywa uji warudi.

Nikamwuliza kama kuna msichana amewahi kusema hawajui.

Mama alifikiria. Akasema wakati wake kulikuwa na mmoja, upande wa mtoni. Aliolewa baadaye na mwingine. Ana wajukuu.

Tukamenya. Shalom alikuwa amelala kwa mkeka, mguu mmoja nje. Mvua ilikuwa inakuja lakini bado.

"Sasa utasema nini?" mama akaniuliza.

Nikamwambia bado nafikiria. Akasema kuna wakati. Akanisogezea viazi vingine.